Nani Anamwangalia Nani

Habari kwamba Zein ni mgonjwa iliingia nyumba ya Karani Kamaludin siku ya Jumanne baada ya alasiri, na ilikuwa ya uongo. Lakini Mwanaesha hakulijua hilo. Alikuwa ameketi ukumbini akichambua mchele alipomwona bintiye Yumna amesimama mlangoni, simu mkononi, uso umempauka.

"Mama, chuo wamejibu."

"Alhamdulillahi. Wasemaje?"

"Hawanipi nafasi. Wasema nakwenda Uingereza kumtunza Mjomba Zein."

Mwanaesha akaweka sinia chini taratibu. "Zein ana nini?"

Zein alikuwa nduguye wa pekee, na mwaka wa kumi na tisa sasa anaendesha basi huko Leicester. Ndiye aliyekubali kuishi na Yumna iwapo atapata ule ufadhili wa kusomea uuguzi, uliokuwa wa msichana mmoja tu. Kwa akili ya Mwanaesha, watu wa chuo hawana sababu ya kujizulia. Wakisema mtu ataka kutunzwa, basi wamemwona hajiwezi. Machozi yakamtoka kabla hajauliza la pili.

"Ameanguka, na hakutaka kuniambia. Namjua Zein, hata alipovunjika kidole utotoni alikificha mfukoni. Na hao nao! Mwanangu hata darasani hajaingia, washampa na mgonjwa?"

"Mama, hebu tumpigie kwanza."

Wakampigia, kwa ile simu ya kuonana. Zein akatokea kwenye kioo amevaa fulana ya kazi, shavu limejaa chakula.

"Nyanyua mkono nikuone," akasema Mwanaesha, hata salamu hakutoa.

"Mkono upi, dada?"

"Yote miwili."

Zein akanyanyua mikono yote miwili, mmoja ukiwa na kibanzi cha viazi. Akaulizwa kama miguu nayo yatembea, akasema yatembea na yakanyaga breki. Mwanaesha akashusha pumzi na kujifuta macho kwa ncha ya leso. Hofu ya ndugu ilipomtoka ndipo hofu ya mwana ilipoingia. Kama Zein ni mzima, chuo kimelipata wapi neno hili?

Kamaludin aliingia kutoka barazani, miwani juu ya kipaji cha uso, kalamu sikioni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na tangu astaafu huandikia watu barua za Kiingereza nje ya nyumba yake pale mtaani Kuze. Watu hutoka hadi Majengo kumfuata. Mtu mrefu, mpole, asiyependa makelele, ila ana maradhi yake mamoja: hawezi kuliona neno la Kiingereza likapita bila kulisimamisha na kulikagua.

Akaipokea simu, akasoma amesimama. Kisha akawaeleza. Chuo kinasema kwamba kwa mujibu wa barua ya mzazi, mwombaji atakuwa na jukumu la kumwangalia jamaa ambaye ni mtu mzima, na mwenye jukumu kama hilo hawezi kupewa masomo ya kutwa wala ufadhili wake. Ikiwa sivyo ilivyokusudiwa, mzazi yule yule aliyetia sahihi alete maelezo, naye ayatie sahihi, kabla ya Ijumaa saa sita ya mchana ya kwao. La sivyo, nafasi atapewa msichana anayefuata.

"Na hapa mwangalie," akaongeza, kidole kimenyanyuka. "Wametumia 'by Friday'. Wangeweka 'until' maana ingeharibika. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa."

"Baba Yumna," akasema Mwanaesha, "mwana anakosa chuo."

"Hakosi. Nani kawaambia Zein ni mgonjwa?"

"Wanasema barua yako."

Kamaludin akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama. Akaenda kwenye sanduku lake la bati ambamo huweka nakala ya kila barua aliyowahi kuiandika, akaitoa nakala ya ile aliyoipeleka chuo, akaisoma kwa sauti hadi alipofika kwenye sentensi yenyewe. "'While in England, Yumna will be in charge of her uncle.' Akiwa Uingereza, Yumna atakuwa chini ya uangalizi wa mjomba wake. Haya, kosa liko wapi?"

Mwanaesha hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya dawa na ya mafuta ya nywele. Yumna alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Kamaludin akaleta na daftari lake, lile jeusi aliloliandika ujanani ofisini kwa hati nzuri ya kukoza, kurasa baada ya kurasa za mafungu ya maneno yanayowachanganya watu: lipi ni kufika kwa saa iliyowekwa na lipi ni kufika kabla mambo hayajaharibika, lipi ni mbele ya gari na lipi ni kiti cha mbele ndani ya gari. Akaweka kidole penye mstari. "In charge of", na mkabala wake kwa Kiswahili: uangalizi.

"Barua haina kosa," akakata shauri. "Aliyeisoma ndiye hajui. Siku hizi hata wenyewe Kiingereza kimewashinda."

*

Jumatano asubuhi Kamaludin aliandika maelezo ya kurasa mbili. Alieleza Zein ni nani, anafanya kazi gani na ana afya gani, akarudia sentensi ile ile kwa herufi kubwa na kuipigia mstari chini. Akatia sahihi, akampa Yumna ayapige picha na kuyatuma, akatoka kwenda barazani na moyo mkunjufu.

Saa nne akachungulia dirishani. "Umetuma?"

"Bado, baba. Mtandao umekatika."

Saa sita akauliza tena. Mtandao ulikuwa bado umekatika. Mwanaesha, ambaye muda wote huo alikuwa akitazama katika simu yake namna ya kupamba keki ya mabibi harusi, na picha zinakuja moja baada ya nyingine bila kukwama, akainuka na kumfuata bintiye jikoni.

"Mtandao wa nani uliokatika?"

Yumna alikuwa akikuna nazi. Hakuinua uso.

"Wewe kuna jambo unalijua," akasema Mwanaesha. "Tangu jana naona watazama chini. Nena."

"Niapie kwanza hutomwambia baba."

"Siapi bure bure."

"Basi sisemi."

Mwanaesha akaapa. Yumna akaweka kifuu pembeni, akasema kwa sauti ya chini, maana dirisha la jikoni na la barazani hayakuachana sana. Barua ina kosa. Kosa lenyewe ni kineno kimoja, 'the', herufi tatu. Kikiwekwa katikati, maana yake Yumna ataangaliwa na mjomba. Kisipowekwa, Yumna ndiye mwangalizi na mjomba ndiye mwangaliwa. Na baba hakukiweka.

"Na daftari?"

"Daftari pia halina. Ameandika 'uangalizi', basi. Hakusema nani anamwangalia nani."

"Wewe ulijua lini?"

Yumna alijua tangu kidato cha pili. Katika mtihani liliulizwa swali la mtoto yatima aliyeachwa mikononi mwa shangazi yake, naye akajibu alivyofundishwa nyumbani. Mwalimu Caroline akamtia mkasi mwekundu wa kukosa. Yumna akainua mkono kubisha, kwa sababu mpaka siku hiyo hajawahi kuona mtu akimsahihisha baba yake. Mwalimu akamuuliza kwa upole nani kamfundisha hivyo. Akasema, babangu, ni karani. Darasa zima likaangua kicheko, na msichana mmoja nyuma akasema baba arudishwe shule akae dawati moja na mwanawe. Karatasi ile aliikunja, akaja nayo nyumbani chini ya sidiria, na kila baba alipouliza kama mtihani wa Kiingereza umerudi akajibu haujarudi, hadi baba akasahau.

Miaka mitatu mtoto analala na karatasi ile, na yeye mama anakaa akijisifu kwa watu kuwa mwanawe hana siri.

"Kwa nini hukumwambia kabla barua haijakwenda?"

"Mama, siku ile si wewe ulikuwapo? Aliisoma barazani."

Alikuwapo. Ilikuwa wiki mbili nyuma, baada ya magharibi, Kamaludin akiwasomea wenzake barua ya mwanawe kwa Kiingereza kitupu, mkono mmoja kifuani. Aidarus wa duka la vitambaa alisema mashaallah mara tatu. Mzamil fundi saa alisema barua kama hiyo yafaa itiwe kioo itundikwe. Yumna na mamake walikuwa nyuma ya dirisha, na Mwanaesha alimwona Yumna akishika mdomo. Alidhani ni furaha.

"Naweza kuandika nyingine mimi," akasema Yumna. "Nikatia sahihi yake. Sahihi yake naijua hata nikifumba mato."

Kwa muda ambao Mwanaesha hakujivunia baadaye, alilipima jambo hilo. Lingemaliza kila kitu. Baba asingejua, chuo kisingejua, mwana angekwenda. Kisha akamwona Yumna mikono imejaa machicha ya nazi, anangoja mamake aseme ndiyo, na akaogopa.

"Chuo hujaingia, ushaanza kughushi? Ukitaka kuwa muuguzi, wagonjwa utawaandikia dawa za uongo? Hapana. Ngoja hadi kesho. Mtandao wako na uendelee kukatika."

Jioni hiyo Fadhiya mke wa Aidarus alipita kuuliza kama safari imeiva. Mwanaesha akamwambia kuna kuchelewa kidogo, Wazungu wamechanganya majina. Lilimtoka bila kufikiri. Nyumba yake ilikuwa haijapata kuaibika kwa jambo la kusoma na kuandika, na hakutaka ianze naye.

*

Alhamisi hiyo mwanamke wa Majengo aitwaye Mbodze alikuja barazani. Alikuwa yaya, na waajiri wake wa Kizingo walikuwa wanahama. Miaka minne nyuma Kamaludin alimwandikia barua ya kuomba kazi ile. Sasa alitaka nyingine ya kuombea mpya.

"Shikamoo, mzee. Nataka ile ile. Usibadilishe hata nukta. Ile ilinipa kazi siku ile ile niliyoipeleka."

"Marahaba. Ile ile utaipata."

Mwanaesha alikuwa nyuma ya dirisha akipachika kifungo cha kanzu. Alimsikia mumewe akifungua sanduku, akiipata nakala, akiichapa upya na kubadilisha tarehe. Kisha ikaja desturi yake, ambayo hakuwahi kuikosa kwa mteja yeyote: humsomea mwenye barua sentensi kwa Kiingereza, halafu humwambia kwa Kiswahili imesema nini, mtu asije akatia sahihi asichokijua. Mwanaesha huisikia desturi hiyo kila siku kama anavyosikia kunguru. Leo sindano ilisimama.

"'For six years I was in charge of two children,'" akasoma Kamaludin. "Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikiwaangalia watoto wawili."

*Inchajiofu.* Tangu Jumanne Mwanaesha alikuwa amelisikia neno hilo mara mia, likisomwa, likirudiwa, likitetewa. Lilikuwa limemkaa sikioni hata kwenye swala likimjia. Na hapa lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile, kwa mdomo ule ule, ila kwa Mbodze lilimfanya yeye ndiye mwangalizi.

Alingoja. Mbodze aliridhika, akakunja barua yake, akaiweka katika mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine, akaaga kwa dua nyingi. Barazani hakubaki mtu mwingine. Mwanaesha akamimina kahawa katika kikombe, akatoka nayo mwenyewe. Alikuwa ameapa kwamba hatomwambia. Hakuapa kwamba hatouliza.

"Baba Yumna, nikuulize la kijinga?"

"Uliza."

"Mimi Kiingereza sikijui. Lakini kwenye barua ya Mbodze nimesikia inchajiofu. Na kwenye ya Yumna pia kuna inchajiofu. Sasa mbona kwa Mbodze yeye ndiye anayewaangalia watoto, na kwa Yumna yeye ndiye anayeangaliwa? Neno si moja?"

Kamaludin alinyanyua kidole kama afanyavyo siku zote anapotaka kueleza. Kinywa kikafunguka. Kidole kikabaki juu, maelezo hayakuja. Mwanaesha akatazama kikombe cha kahawa ili asimtazame usoni.

Mumewe aliinuka, akaingia ndani, akarudi na nakala ya barua ya Yumna. Akaiweka juu ya goti moja na nakala ya ile ya Mbodze juu ya goti la pili. Akasoma hii, akasoma ile. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Akamtoa Mbodze akamweka Yumna, akawatoa watoto wawili akamweka Zein. Mtu aliyepita kichochoroni alimtolea salamu, naye, Karani Kamaludin ambaye huitika salamu hata za watoto wa chekechea, hakuisikia.

"Hapa pamepungua kineno," akasema mwishowe.

"Kikubwa?"

"Herufi tatu. Kwa Kiswahili hakipo."

"Basi kama kwetu hakipo, si ajabu mtu kukisahau."

Alimfungulia mlango huo makusudi, apite bila kuinama. Kamaludin aliutazama, hakupita.

"Sikukisahau, Mama Yumna. Sikukijua."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaivua tena. Mwanaesha aliona aibu ya mumewe ikimpanda kutoka shingoni, akatamani angemeza lile swali lake. Alimpenda sana saa hiyo.

"Miaka thelathini na mmoja," akasema Kamaludin. "Mizigo yote ile niliyoiandikia. Sijui makontena mangapi niliyaweka kuwa wasimamizi wa mabaharia."

Kisha akageuka ghafla. "Yumna ajua?"

"Muulize mwenyewe."

Akamwita. Yumna akashuka, akasimama ndani ya mlango, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Aliziona barua mbili juu ya magoti ya babake na akajua yamekwisha.

"Ulijua?"

Yumna akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Kidato cha pili, baba. Mwalimu alinisahihisha."

"Na siku ile nikiisoma hapa?"

"Nilikuwa dirishani."

"Kwa nini usinene, mwanangu?"

"Walikuwa wakikusifu," akasema Yumna, na hapo akaanza kulia. "Nilidhani watafahamu tu. Nilidhani Wazungu watajua wewe ulikusudia nini."

Kamaludin akampa bintiye kikombe chake cha kahawa ambacho hakukigusa, kama anavyompa mgeni wa heshima, na Yumna akakipokea kwa mikono miwili asijue akifanyeje.

"Nafasi yako ya masomo na sifa zangu za barazani," akasema babake, "ukaona afadhali unilindie sifa. Mimi sikukulea uje ufanye hesabu ya namna hiyo. Au pengine nilikulea hivyo hivyo, ndiyo maana."

*

Ijumaa asubuhi walikaa watatu mezani. Kamaludin alikuwa amekoga na kuvaa kanzu ya swala ya Ijumaa mapema, kalamu mkononi, karatasi nyeupe mbele yake. Sentensi ya kwanza ilimshinda kwa nusu saa nzima.

"Niseme ni mashine?" akauliza bila kumtazama mtu. "Kineno kiliruka wakati wa kuchapa. Hutokea."

"Mashine ndiyo iliyotia sahihi?" akauliza Mwanaesha.

Kamaludin akaguna. Akainamia karatasi, akaandika mstari mmoja, akasita. Akamgeukia bintiye, na Mwanaesha aliona jinsi ilivyomgharimu kugeuza shingo ile.

"Nataka kusema kosa ni langu. Niweke 'on my behalf' au 'on my part'?"

"'On my part', baba," akajibu Yumna haraka, kisha akapunguza sauti. "Ile nyingine itakuwa kama kuna mtu amekosea kwa niaba yako."

"Hilo nalijua. Nilikuwa nakupima."

Aliyeanza kucheka ni Mwanaesha, akafuata Yumna, na Kamaludin naye, mabega yakimtikisika, hadi ikabidi aweke kalamu chini asije akachafua karatasi. Tangu Jumanne nyumba ile haikuwa imesikia kicheko.

Barua ilikuwa ya mistari sita. Ilisema kwamba mwandishi ni baba wa mwombaji. Kwamba katika barua ya kwanza alikosea Kiingereza, na kosa ni lake mwenyewe. Kwamba Zein ni mzima na anafanya kazi. Kwamba ni Yumna atakayekuwa mikononi mwa mjomba wake, si mjomba mikononi mwa Yumna. Yumna akasoma, akaweka kituo mahali pamoja, akasema iko sawa.

Alipotaka kuipiga picha, Mwanaesha akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ngoja. Kila mteja wako humsomea. Mbodze umemsomea. Barua ya mwanangu ilikwenda mara ya kwanza hukunisomea mimi, uliwasomea kina Aidarus. Mimi ni mama yake. Nisomee."

Kamaludin akamtazama mkewe wa miaka ishirini na sita. "Ni kweli," akasema. Akanyoosha karatasi, akamsomea sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, polepole, mstari baada ya mstari. Alipofika kwenye "kosa ni langu mwenyewe" sauti ilipungua, lakini hakuiruka. Mwanaesha alisikiliza hadi mwisho, akaondoa kiganja.

Saa tano kasoro robo barua ilikwenda. Mtandao ulikuwa mzima kabisa.

*

Jibu lilikuja Jumatatu, mistari miwili: maelezo yamepokelewa, nafasi na ufadhili ni vya Yumna, karibu mwezi wa tisa. Mwanaesha alisujudu pale pale jikoni, karibu na mfuko wa vitunguu. Yumna alikimbia ngazi juu na chini bila sababu.

Na magharibi ilipopita, wenzake Kamaludin wakakusanyika barazani. Mwanaesha akavuta kiti chake nyuma ya dirisha, Yumna kando yake. Alikuwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa amemwambia Fadhiya uongo, na Fadhiya hapati jambo akamnyima mumewe.

"Naam, Karani," akaanza Aidarus, "tumesikia Wazungu walichanganya majina, sasa wamejirudi. Hongera. Walidhani wanacheza na nani?"

Mwanaesha akashika mkono wa bintiye. Neno lilikuwa limekwisha kutayarishwa. Kamaludin hakuhitaji hata kusema uongo, angenyamaza tu na kutabasamu.

"Hawakuchanganya kitu," akasema Kamaludin. "Ni mimi. Barua niliyowasomea hapa ilikuwa na kosa. Niliwaambia Yumna anakwenda kumlea Zein."

Mzamil akakohoa.

"Binti yangu alijua tangu yuko kidato cha pili," akaendelea Kamaludin. "Mwalimu wake alijua. Mke wangu asiyejua Kiingereza alijua kabla yangu. Niliyekuwa sijui ni mimi, na nyinyi hapa mlioniambia mashaallah."

"Sasa utulaumu nini sisi?" akasema Aidarus. "Wallahi, Karani, mimi ile barua sikufahamu hata neno moja. Mashaallah yangu ilikuwa ya sauti."

"Hata mimi," akasema Mzamil. "Nilidhani Aidarus amefahamu."

Wakacheka, Kamaludin akacheka pamoja nao. Yumna alikuwa akilia kimya kimya, uso wote unang'aa, wala hakujifuta.

"Tusomee basi hiyo ya pili," akasema Aidarus. "Lakini kwa Kiswahili, tujue tunasifia nini."

Kamaludin akaitoa mfukoni mwa kanzu, ishaanza kuchakaa mikunjoni. Akasoma mistari yote sita, mstari wa kosa lake akausoma kwa sauti ile ile ya mistari mingine. Alipomaliza, hakuwatazama wenzake. Aliinua uso akatazama dirisha.

"Mama Yumna! Hapo sasa nani anamwangalia nani?"

Mwanaesha akajisogeza karibu na mbao, mkono wa mwanawe bado ukiwa ndani ya wake. Mwezi wa tisa haukuwa mbali.

"Zein ndiye atakayemwangalia Yumna," akajibu. "Na sisi tutabaki tukiangaliana."